Matusi katika michezo ya mtandaoni hayatakomeshwa na adhabu pekee

MCHEZO wa vita wa Call of Duty: Mobile ulipoanza kupatikana kwenye simu Oktoba 2019, kijana wa Lumakanda katika Kaunti ya Kakamega alipata fursa ambayo awali ilikuwa ya wenye kompyuta ghali mijini. Kwa simu na bando ya intaneti, aliweza kuunda kikosi na wageni wa Nairobi, Kampala au Johannesburg, akasikia sauti zao nao wakasikia yake.

Michezo ya Free Fire na PUBG Mobile ilikuwa imetangulia kufungua mlango huo. Hata hivyo, pamoja na burudani yaliingia matusi. Mchezaji akikosa shabaha hutukanwa yeye na mamake. Msichana akifungua kinywa huambiwa arudi jikoni. Lafudhi ikifichua kabila la mtu, kabila lenyewe hugeuzwa kejeli. Wengine huharibu mchezo makusudi, wakawahujumu wenzao au kujitoa katikati ili kikosi chao kishindwe.

Wapo wanaopuuza jambo hili. Hoja yao ni kwamba hayo ni maneno ya mchezo, na anayeumia na azime simu yake. Wengine, kwa upande wa pili, wanataka kila mwenye ulimi mchafu afungiwe akaunti au afikishwe kortini. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na eneo la Lumakanda lenyewe lina historia inayoeleza ni kwa nini.

Lumakanda ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari, inayopakana na Uasin Gishu. Ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru iligawanywa kuwa makazi ya wakulima wadogo. Waluhya wa jamii mbalimbali walihamia huko, Wakikuyu wakawa miongoni mwa walowezi wapya, na Wakalenjin wakawa majirani wa karibu.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Desemba 2007, ujirani huo ulitikiswa. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti kuwa watu 1,133 waliuawa kote nchini. Lugari na mji jirani wa Turbo hazikusazwa. Nyumba ziliteketezwa na familia zikakimbilia kambi za waliofurushwa makwao.

Miongoni mwa vyombo vilivyotumiwa kueneza chuki wakati huo ilikuwa simu ya mkononi. Jumbe fupi zenye lugha ya kudunisha makabila zilipitishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Ni kutokana na funzo hilo chungu ambapo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyobuni tume ya NCIC na kuweka adhabu ya faini isiyozidi Sh1 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au zote mbili, kwa anayechochea chuki za kikabila.

Kwa hivyo, mahali kama Lumakanda, mzaha wa kikabila unaorushwa katika kipaza sauti cha mchezo una uzito ambao hauonekani mahali pengine. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Utani baina ya jamii zetu ni wa jadi, lakini una mipaka na una watu wake. Mtani humjua mtani wake, na anajua neno gani halisemwi. Mgeni asiyeonekana uso, anayejificha nyuma ya jina la kubuni, hana mipaka hiyo.

Swali basi ni hili: nani atamdhibiti mgeni huyo?

Jibu la kwanza ambalo hutolewa ni sheria. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2018. Kifungu cha 27 kinaharamisha kumnyanyasa mtu mtandaoni, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh20 milioni au kifungo kisichozidi miaka 10, au zote mbili. Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya sheria hiyo, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu hicho cha 27 kufuatia kesi iliyowasilishwa na wanaohofia kwamba kingetumiwa kuziba watu midomo.

Sheria hiyo ina kazi yake pale ambapo pana vitisho vya kuua, kufuatwafuatwa au kushawishiwa kwa watoto kutuma picha za aibu. Visa vya namna hiyo sharti viripotiwe kwa polisi, au kupitia nambari 116 ya kuwasaidia watoto.

Lakini kwa matusi ya kila siku, sheria ni shoka la kuulia mbu. Mtukanaji aghalabu ni kijana wa shule, hayuko katika kaunti moja na aliyetukanwa, na mitambo inayohifadhi maneno yake iko ng'ambo. Hakuna kituo cha polisi kitakachofungua faili kwa kila neno chafu lililotamkwa usiku katika mchezo.

Jibu la pili ni kampuni zinazotengeneza michezo. Hizi zina uwezo mkubwa, na hazina kisingizio cha kutojua. Utafiti wa shirika la Anti-Defamation League mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 74 ya watu wazima wanaocheza michezo ya pamoja mtandaoni nchini Marekani walikuwa wamewahi kunyanyaswa humo kwa namna moja au nyingine.

Agosti 2023, kampuni ya Activision ilitangaza kuwa itatumia programu ya ToxMod kusikiliza mazungumzo ya sauti katika matoleo ya Call of Duty ya kompyuta na mashine za michezo, ili kunasa lugha ya chuki papo hapo. Programu hiyo ilianza kazi kwa Kiingereza, kisha Kihispania na Kireno zikafuata. Kiswahili hakikuwa katika orodha hiyo ya mwanzo.

Hapo ndipo penye pengo. Mtambo uliofunzwa kutambua matusi ya Kiingereza hauna habari na tusi la Sheng, sembuse kejeli ya Kimaragoli au fumbo la kikabila ambalo kila Mkenya analielewa lakini halina neno chafu hata moja. Mwaka 2007, maneno mengi yaliyochochea watu yalikuwa mafumbo ya aina hiyo hiyo. Mchezaji wa Kenya anayetukanwa kwa lugha yake hukosa kinga ambayo mwenzake wa Texas anayo, ilhali wote wanachangia faida ya kampuni ile ile.

Kampuni zinazofanya biashara Afrika Mashariki zinapaswa kushinikizwa kuwaajiri wanaojua Kiswahili na lugha zinazokizunguka. NCIC, ambayo kwa miaka mingi imemulika wanasiasa na mitandao ya kijamii, ina wajibu wa kupeleka dai hilo kwao.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kunasa na kuadhibu kutatosha. Funzo kubwa zaidi kuhusu suala hili lilitoka kwa kampuni ya Riot Games ya Marekani, wenye mchezo wa League of Legends. Kuanzia mwaka 2011, kampuni hiyo iliwaachia wachezaji wenyewe kupitia malalamishi na kupiga kura iwapo mshtakiwa aadhibiwe au asamehewe. Iliwaajiri pia wataalamu wa saikolojia kuchunguza chanzo cha tabia hizo.

Walichogundua kiliwashangaza wengi. Takriban asilimia moja tu ya wachezaji ndio waliokuwa watukutu wa kudumu, nao walichangia takriban asilimia tano tu ya uchafu wote. Sehemu kubwa ya matusi ilitoka kwa watu wa kawaida, wasio na rekodi mbaya, waliokuwa na siku mbaya. Kwa maneno mengine, hata watukutu sugu wote wakifukuzwa, matusi mengi yatabaki.

Aidha, wachezaji waliofungiwa kwa muda bila kuelezwa sababu walirudi wakiwa wabaya zaidi. Walipoelezwa bayana kosa lao, kiwango cha waliojirekebisha kilipanda kutoka asilimia 50 hadi 65. Walipoonyeshwa na maneno yao wenyewe kama ushahidi, kiwango hicho kilifika asilimia 70.

Jaribio jingine lilikuwa jepesi mno. Kampuni hiyo ilizima mazungumzo baina ya timu pinzani, ila anayeyataka angeweza kuyawasha mwenyewe. Mazungumzo ya matusi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, na yale ya heshima yakaongezeka kwa takriban asilimia 35. Hakuna aliyefungwa wala kutozwa faini. Mtu alipolazimika kubonyeza kitufe kabla ya kusema, alipata nafasi ya kufikiri.

Matokeo hayo hayapaswi kuwa mageni kwa Lumakanda. Ni katika mji huo alikoishi David Zarembka, Mmarekani wa Kanisa la Friends, maarufu kama Quaker, aliyeanzisha shirika la African Great Lakes Initiative mwaka 1998. Zarembka aliishi Lumakanda wakati wa ghasia za 2008 na aliendelea kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2021 kutokana na Covid-19.

Baada ya ghasia hizo, shirika lake na makanisa ya Friends ya eneo la magharibi walieneza mafunzo ya AVP, yanayohusu njia mbadala za kuepuka vurugu. Mafunzo hayo yalianzia katika gereza la Green Haven katika jimbo la New York mwaka 1975. Vijana wa makabila yaliyokuwa yakiwindana waliketi pamoja katika duara kwa siku kadhaa, wakazungumza na kusikilizana.

Taratibu za AVP zinafanana kwa namna ya kushangaza na kile ambacho watengenezaji wa michezo walikuja kugundua. Kila mshiriki hujichagulia jina la sifa njema na kuitwa kwalo. Kanuni za kikao hutajwa mwanzoni, na mojawapo ni kwamba hakuna kumdunisha mwenzako wala kujidunisha. Anayekiuka hukumbushwa hapo hapo, mbele ya wenzake, kwa upole. Hafukuzwi ili akaikuze hasira yake nje.

Ikiwa utaratibu huo ulifaa kwa vijana waliotoka katika ghasia, hautashindwa na kijana aliyekasirika kwa kupoteza mchezo.

Njia ya kuutumia ipo. Mwenye kibanda cha michezo, mahali ambapo vijana hulipa kucheza kwa dakika, anawaona wateja wake uso kwa uso na kuwajua kwa majina. Akibandika kanuni tatu ukutani na kumsimamisha anayetukana kwa zamu moja, huku akimweleza kosa lake, atakuwa amefanya ambacho mtambo wa California hauwezi. Nahodha wa kikosi cha mtandaoni anaweza kufanya vivyo hivyo, na kumpa pongezi mchezaji aliyemtia moyo mwenzake. Waandalizi wa mashindano nao waandike adhabu ya matusi katika masharti yao kabla ya mchezo wa kwanza.

Wamiliki wa vibanda watauliza: je, mteja akihamia kwa jirani? Swali hilo ni halali, kwa kuwa biashara yenyewe ni ya senti ndogo. Lakini ipo hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari, nayo ni ya wanaoogopa hata kuingia mlangoni. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani ya XiT Gaming kucheza Tekken, jambo lililothibitisha kuwa msichana wa Kenya anaweza kupata riziki humo. Ni wasichana wangapi wenye kipawa kama chake ambao walitoka mchezoni siku ya kwanza kwa sababu ya walichoambiwa?

Wazazi pia wana sehemu yao. Kumnyang'anya mtoto simu ni adhabu isiyoeleza kosa, na tumeona matokeo ya adhabu ya aina hiyo. Ni afadhali mzazi aketi kando yake, asikilize anayosikia na anayosema, amwonyeshe jinsi ya kuzima sauti za wageni, kuhifadhi picha ya ujumbe wa matusi na kuripoti. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Uchaguzi Mkuu umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Ghasia za 2007 ziliwakuta viongozi wakiwa hawajui kilichokuwa kikisemwa katika jumbe fupi za simu. Vijana wengi walio na umri wa kupiga kura kwa mara ya kwanza hawakuwa wamezaliwa wakati huo au walikuwa wachanga. Hawakuona moshi wa Turbo, ila wamerithi majina ya dharau yaliyotangulia moshi huo, na wanayarudia katika mchezo bila kujua bei yake.

Wenye kuijua bei hiyo bado wako hai Lugari. Ni jukumu lao kuwaambia, na vibanda vya michezo vya mji huo ni mahali pema pa kuanzia.