Helikopta Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Leo hatuendi Zanzibar wala Ngorongoro. Nakupeleka Alaska, kule juu kabisa ambako Julai watu wanavaa makoti. Najua utasema huyu dada sasa anaringa. Hapana. Mmekuwa mkiniuliza watu wawili wanapangaje likizo bila kununiana, na mimi jibu nililipata huko, tena kwa aibu.

Ilikuwa Julai 2023. Mimi na mzee wa nyumba tulikuwa tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Wifi yangu anaishi Seattle, akatushikia nafasi kwenye meli ya utalii ya usiku 7 inayoanzia hapo hapo na kurudi hapo hapo. Nauli tuliidunduliza mwaka mzima na nusu. Kabla ya hapo mwenzangu alikuwa amehamishiwa Dodoma kikazi miaka 3, mimi nikabaki Dar na watoto. Tulikuwa tunaonana wikiendi, tena si zote. Sikumwambia mtu, lakini nilipanda ile meli na hofu: tukikaa wawili tu usiku 7 mfululizo, tutaongea nini?

Sasa nikueleze mambo yalivyo kwenye hizi meli. Kulala na kula umeshalipia. Usiku meli inatembea, asubuhi unaamka uko mji mwingine, unashuka, jioni unarudi. Kinachomaliza watu mfukoni ni matembezi ya nchi kavu. Kila bandari ina orodha ndefu kama menyu ya hoteli kubwa: boti za kwenda kuona nyangumi, treni, mitumbwi, mbwa wa kuvuta sleji, kamba za kuteleza juu ya miti, ndege za kutua majini. Bei ni kwa kichwa. Helikopta inayokushusha juu ya mto wa barafu inazidi dola 300 kwa mtu mmoja. Zidisha kwa mbili, halafu badilisha kuwa shilingi, utakaa chini mwenyewe.

Mto wa barafu si mto ulioganda, kama nilivyokuwa nadhani. Ni theluji iliyoshindiliana miaka na miaka hadi ikawa barafu ngumu kama jiwe, halafu kwa uzito wake inateremka mlimani polepole, kama uji mzito kwenye sahani iliyoinamishwa.

Basi, tukiwa bado nyumbani Tabata, mwenzangu akafungua ile orodha.

"Mama, hii helikopta ya Juneau unaionaje?"

"Nzuri," nikasema. "Wewe je?"

"Mimi popote ulipo."

Akalipia. Hela zetu zilitosha tembezi moja kubwa na jingine la wastani, basi. Mimi moyo wangu wote ulikuwa kwa nyangumi. Na ndege ndogo siziwezi kabisa, niliwahi kupanda ya viti 12 kwenda Mafia nikashuka nikiwa kijani. Lakini nikajiambia, mwanaume wa watu amekaa peke yake Dodoma miaka 3, anataka helikopta, mwache apande helikopta yake.

Juneau ndio makao makuu ya jimbo la Alaska, lakini hakuna barabara inayoingia kutoka mji mwingine wowote. Unafika kwa meli au kwa ndege. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Saa 5 tukaitwa, tukaambiwa helikopta haziruki, hela yetu inarudishwa. Nikamwangalia mume wangu nijue jinsi ya kumpa pole. Jamani, mtu anatabasamu! Akaona nimemwona, akakunja uso haraka.

Tukapanda basi la kawaida la mji, lile la wenyeji, nauli ndogo tu. Linakushusha kama kilomita 2 na nusu kabla ya Mendenhall, mto wa barafu ulio umbali wa kama kilomita 20 kutoka mjini, kisha unamalizia kwa miguu. Yapo pia mabasi ya watalii yanayokufikisha mlangoni kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Kama una mzazi au mtoto mdogo, panda hayo. Mbele ya ile barafu kuna ziwa, na pembeni maporomoko yanaitwa Nugget, urefu wake kama mita 115. Kutoka kituo cha wageni hadi kwenye maporomoko na kurudi ni kama kilomita 3, njia tambarare. Barafu yenyewe ni ya buluu. Niliona picha zake kabla nikadhani wamezipaka rangi.

Tulikaa kwenye mawe, rasharasha za yale maji zinatupiga usoni, kelele hadi lazima useme kwa nguvu. Labda ndiyo sababu tuliweza kusema.

"Pole na helikopta, baba."

"Mimi?" akasema. "Mimi niliilipia kwa ajili yako. Uliposema nzuri nikaona macho yako."

"Macho gani? Mimi naogopa kufa!"

"Na mimi urefu siuwezi. Hujaona kwa Shangazi pale ghorofa ya 6 mimi sisogei barazani?"

Nilikuwa sijaona. Miaka 10 ya ndoa, kila Idi tunakwenda kwa huyo Shangazi, na sijawahi kuona kwamba mume wangu anakaa kiti cha karibu na mlango. Tulicheka, halafu kicheko kikaisha, tukabaki kimya. Akasema, "Yaani tumekuwa watu wa kuambiana ndiyo tu." Sikujibu. Nilikuwa nafikiria mangapi mengine niliyomjibu "nzuri" kwa simu, yeye akiwa Dodoma na mimi macho yangu kwenye sufuria.

Akaniuliza ningechagua nini kama ningekuwa peke yangu. Nikasema nyangumi. Akasema nenda leo, meli inaondoka saa 4 usiku. Nikasema twende wote. Akasema, "Boti ndogo itanitapisha, mimi nitakaa bandarini ninywe kahawa, nitakusubiri." Moyo ukasita kidogo, maana sisi wanawake wengi tunaamini likizo ya ndoa ni kushikana mkono kuanzia asubuhi hadi usiku. Nikaenda peke yangu.

Msomaji, usinilaumu nikikaa hapa kidogo. Boti zinaanzia ghuba ya Auke. Nyangumi wa nundu wanakuja pale majira ya joto kwa ajili ya kula tu. Baridi ikiingia wengi wao wanakwenda Hawaii kuzaa, na huko karibu hawali kabisa. Kwa sheria boti haitakiwi kuwasogelea chini ya mita 91, na nahodha akiwaona anapunguza mwendo. Unaanza kuona moshi juu ya maji, kumbe ni pumzi yake. Upepo ukigeuka unaisikia harufu: samaki aliyeoza, tena vibaya. Halafu mgongo, halafu mkia unanyanyuka wote, maji yanachuruzika kama pazia, unazama bila kelele. Niliona minne. Picha yangu ya maana ni moja, na imetikisika. Na ujue kwamba ndugu zao wa kusini wanapita pwani yetu wenyewe kati ya Julai na Septemba, kutoka maji ya Antaktika. Watu wa Watamu na Mafia wanawaona. Mimi nimekwenda hadi Alaska kumwona jirani.

Niliporudi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya meli na koti langu mkononi. Tuliongea hadi saa 7 usiku. Ile hofu ya "tutaongea nini" sikuikumbuka tena hadi nilipokuwa naandika makala hii.

Kesho yake Skagway. Hapo tulipanda treni wote wawili, chaguo lake, na lilikuwa la kwake kweli: baba yake alifanya kazi reli miaka mingi. Reli ya White Pass ilijengwa kati ya 1898 na 1900, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Klondike. Serikali ya Kanada ilimtaka kila mtu aingie na chakula na vifaa vya mwaka mzima, kama tani nzima, na kwenye njia ile walikufa farasi wapatao 3,000. Treni inapanda hadi mita 873 ndani ya kilomita 32 tu. Kaa upande wa kushoto wakati wa kupanda, ndio wenye mabonde. Mwenzangu asiyeweza urefu alikaa kulia, akanisimulia habari za mataruma na breki, akiwa na furaha kama mtoto.

Sisi treni yetu ilifika mpakani ikageuza, hatukushuka. Lakini wenzetu wawili tuliokula nao mezani, Waafrika kama sisi, walikuwa wamelipia basi la kwenda Yukon. Hawakuruhusiwa kupanda kwa sababu hawakuwa na viza ya Kanada. Orodha ilisema "leta pasipoti", wao wakaleta pasipoti. Walirudi melini hawaangaliani, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyetakiwa kusoma. Kwa pasipoti ya Tanzania viza ya Kanada inahitajika, na meli nyingi za kutoka Seattle zinasimama bandari ya Kanada, kwa kawaida Victoria, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1886 inazitaka meli za kigeni ziguse nchi nyingine. Ukitoka hapo unaingia Marekani upya, kwa hiyo viza yako ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na tangu sisi twende, Marekani imekaza sana masharti ya viza kwa Watanzania. Uliza ubalozini kabla hujalipa hata senti. Hii safari kwa sasa ni rahisi zaidi kwa ninyi wasomaji wetu mnaoishi huko tayari.

Jambo jingine ambalo hakuna anayekuambia: ukinunua tembezi la meli yenyewe, likichelewa meli inakusubiri. Ukinunua kwa watu wa bandarini ni rahisi na kundi ni dogo, lakini ukichelewa unabaki. Mimi kwa nyangumi nilinunua bandarini, kwa kuwa muda ulikuwa tele. Usifanye hivyo kwenye bandari ya saa 5 tu.

Siku ya Glacier Bay hamna tembezi la kununua. Meli haitii nanga, inaingia tu ndani ya ghuba na askari wa hifadhi wanapanda kueleza. Sasa kuna watu, kwa kuwa hawajalipia kitu, siku hiyo wanalala! Amkeni. Hiyo ndiyo siku yenyewe. Meli kubwa zinazoruhusiwa kwa siku ni 2 tu. Mnasimama mbele ya barafu ya Margerie, ukuta wenye upana wa kilomita 1.6, na meli inageuka taratibu ili pande zote zione, kwa hiyo usidanganywe kulipia chumba cha upande fulani. Kipande kikikatika unakiona kwanza kinaanguka, ngurumo inakuja baadaye.

Askari wa hifadhi alisema mwaka 1794 watu wa Kapteni Vancouver walipopita hapo, ghuba yote ilikuwa barafu hadi karibu na mdomo wake. Leo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Mume wangu ni mtu wa Moshi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema marehemu babu yake alikuwa akiwaonyesha kwa fimbo barafu ya Kibo ilikoishia zamani. Tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja huyo babu. Nikamshika mkono, tukasimama hivyo hadi vidole vikafa ganzi.

Ketchikan ilinyesha, na huko mvua ni karibu mita 4 kwa mwaka, Dar haifiki nusu. Tulivaa makoti ya mvua tukatembea Creek Street bure, tukaangalia samoni wanavyopigana na maji kupanda mto na sili anavyowasubiri chini. Victoria tulifika jioni, tukanunua zawadi za watoto, tukarudi kulala.

Mwezi uliofuata, Agosti 2023, maji yaliyokuwa yamezuiliwa pembeni ya Mendenhall yalipasua njia chini ya barafu, mto ukafurika na nyumba zikasombwa. Mume wangu alinipigia kutoka Dodoma saa 6 usiku kunisomea habari hiyo.

"Lile jiwe letu litakuwa bado lipo?" akauliza.

Nikaanza kusema lipo, bila shaka lipo. Halafu nikamwambia sijui, na kwamba siku ile juu ya lile jiwe nilikuwa nimeloa hadi mifupa na sikutaka tuondoke. Akasema na yeye. Tukaanza kuzungumzia uhamisho wa kurudi Dar.