Wenye Mafumbo na Fumbo Wanalolikimbia

Imekuwa desturi, kila pazungumzwapo kudhoofika kwa ushairi visiwani na mwambao, mkosaji kuteuliwa kabla ya kesi kusikilizwa. Zamani alikuwa redio, kisha sinema, kisha video. Siku hizi ni mchezo wa kompyuta. Husemwa kwamba kijana aliyeinamia simu yake usiku kucha hawezi kuungojea ubeti wa nne wa shairi, na kwamba akili iliyozoea vitufe haina tena subira ya kufumbua. Maneno haya husemwa na watu wenye heshima zao, baadhi yao malenga wa kweli, na wasikilizaji huitikia kwa kutikisa vichwa. Walakini mna kosa ndani yake ambalo mtu wa ushairi alistahili kuwa wa mwisho kulifanya: kuhukumu utungo ambao hajausoma.

Michezo ya vita na mbio za magari ina washitaki wake na watetezi wake, na hapa inaachwa ilipo. Inayokusudiwa ni aina tatu zilizo ndugu: michezo ya mafumbo, michezo ya kujenga, na michezo ya mwigo, yaani ile inayomkabidhi mchezaji mji, shamba, reli au ukoo auendeshe na kuyaona matokeo ya maamuzi yake mwenyewe. Aina hizi zina mashabiki duniani kote, nao wana ada ya kuoneshana, kusifiana na kukosoana ambayo mtu wa pwani, akiitazama kwa muda, ataona kuwa si ngeni kwake.

Na uchukuliwe Sokoban, mchezo uliobuniwa Japani mwaka 1981 na Hiroyuki Imabayashi na kuanza kuuzwa mwaka 1982. Jina lenyewe maana yake ni mtunza ghala. Pana ghala lenye kuta, masanduku kadhaa, na alama sakafuni zinazoonesha pa kuyaweka. Mtunza ghala husukuma sanduku moja kwa wakati mmoja, kuvuta hawezi. Sheria zimekwisha. Mtoto wa skuli huzielewa kwa dakika moja, na baada ya dakika tano amekwama, kwani sanduku lililofikishwa pembeni halitoki tena, na kosa la hatua ya kumi huenda lisijulikane mpaka hatua ya mia mbili. Mwaka 1997 mtaalamu wa kompyuta Joseph Culberson alithibitisha kihesabu kwamba mafumbo ya namna hii yamo katika tabaka la matatizo ambayo hakuna njia ya mkato inayojulikana ya kuyatatua, hata kwa mashine.

Ugumu peke yake, hata hivyo, hauujengi utungo. Kinachovutia zaidi ni walivyofanya mashabiki. Kwa miaka zaidi ya 40 wametunga maelfu ya maghala mapya, wakapeana na wakahukumiana, nao wana vigezo vikali. Ghala zuri kwao ni dogo. Halina tofali la bure. Humwonesha mchezaji njia iliyo wazi, nayo ndiyo ya uongo. Na jawabu likipatikana, mchezaji hujilaumu mwenyewe kwa kutoliona mapema, wala hamlaumu mtunzi. Ghala baya ni lile lililorefushwa ili lionekane gumu, au lenye majawabu matano pasipo mtunzi kujua. Mpenzi wa mashairi na azisome tena sentensi hizo, na kila palipo neno ghala aweke neno fumbo. Atakuta amesoma maelezo ya sanaa aliyodhani ni yake peke yake. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa, walipofumbiana katika uhasama wa miji yao mwanzoni mwa karne ya 19, walipimwa kwa mizani hiyo hiyo: nani kaficha vizuri, nani kafumbua, na nani katumia maneno mengi kuliko haja. Wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walipotumiana mashairi ya maswali na majibu kutoka miji iliyo mbalimbali, hawakuwa na shughuli nyingine.

Wako watakaosema kwamba ulinganisho huu ni wa kulazimisha, kwa kuwa shairi lina arudhi na mchezo hauna. Basi na watazame Tetris. Alexey Pajitnov, mtafiti wa kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow, aliutunga mwaka 1984 katika kompyuta ya Elektronika 60 isiyokuwa hata na uwezo wa kuchora picha, hata ikabidi vipande avioneshe kwa alama za mabano. Vipande ni saba, kila kimoja kina miraba minne, na hakuna njia nyingine ya kuiunganisha miraba minne ubavu kwa ubavu isipokuwa hiyo saba, kikigeuzwa kipande vyovyote vile. Ndani ya mipaka hiyo hakuna mchezo uliopata kufanana na mwingine. Aliyezoea mizani 16 za mshororo, akajua jinsi kizuizi kinavyozaa ubunifu, hahitaji kuelezwa zaidi. Mchezo huo ulienea Moscow kwa kunakiliwa katika diski na kupeanwa mkono kwa mkono, kabla mtu yeyote hajauuza, kama tungo zilivyokuwa zikinakiliwa na kupeanwa majumbani.

Na habari ya subira? Tetris iliyotengenezewa mashine ya Nintendo, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1989, ilikuwa na daraja la 29 ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa ndio ukomo, maana vipande huanguka humo kwa kasi isiyofuatika na kidole gumba. Mashabiki hawakukubali. Walitazamana mikono, wakajaribu mishiko, wakafundishana, mpaka ikapatikana namna ya kugonga mgongo wa kishikizo kwa vidole vinavyofuatana, mithili ya apigaye kigoma kidogo, kitufe kikisukumwa kuufuata mkono badala ya mkono kukifuata kitufe. Disemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma alifika daraja la 157, na hapo programu yenyewe ikashindwa, ikasita. Ilikuwa miaka 34 tangu mchezo kutoka. Kazi hiyo ilirithishwa kutoka kwa mchezaji hadi mchezaji, na mvulana huyo alikuwa hajazaliwa wakati wengi wao walipoianza. Anayedai kwamba watu wa namna hii hawana subira, ni yeye aliyekosa subira ya kuwatazama.

Dharau ya jumla jumla ina madhara makubwa kuliko uonevu kwa mashabiki. Mwenye kudharau vyote hawezi kutenga kizuri na kibaya, na kibaya kipo, tena kingi. Candy Crush Saga, mchezo uliotoka mwaka 2012, kwa sura ni fumbo: peremende za rangi, hatua zenye kuhesabiwa, lengo la kufikiwa. Hatua zikimalizika kabla ya lengo, mchezaji huambiwa anaweza kununua nyingine tano. Hapo fumbo limeuawa. Mtunzi anayefaidika kila msikilizaji anaposhindwa hana tena sababu ya kutunga kwa haki. Kila ubeti wake utapindwa kidogo ili jawabu lisipatikane bila ya fedha. Ni kama mtu aketi barazani, atege kitendawili, apewe mji, kisha aseme jawabu ni kwa malipo. Biashara hiyo ililipa: kampuni iliyoutengeneza mchezo huo ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 5.9. Kijana wa Chake Chake au Malindi anayecheza Candy Crush na yule anayecheza Sokoban wanahukumiwa kwa sentensi moja, ilhali mmoja ananolewa akili na mwingine anachunwa mfuko. Nani alistahili kuwaambia tofauti yao, kama si wale waliokulia katika elimu ya kufumba?

Hata uraibu, silaha ya mwisho ya washitaki, unahitaji uangalifu huo. Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya michezo ya kompyuta katika orodha iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, na liliyaeleza kwa alama za kupotewa na udhibiti na kuharibikiwa na maisha. Kupenda mchezo si miongoni mwa alama hizo. Bao nalo limewahi kuwachelewesha watu kazini.

Michezo ya kujenga na ya mwigo inataka jicho kali zaidi, kwani humo mna maneno yasiyotamkwa. Asili ya SimCity ingewapendeza watu wa visiwani. Will Wright alikuwa akitengeneza mchezo wa vita uliotoka mwaka 1984, Raid on Bungeling Bay, ambamo helikopta hulipua viwanda vilivyojengwa visiwani, akajikuta anafurahia kuviunda visiwa hivyo kuliko kuvilipua. Furaha hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1989, mchezo wa kujenga mji, usio na mshindi wala mwisho. Lakini Wright alichota mawazo kwa Jay Forrester, aliyetoa mwaka 1969 kitabu kuhusu mwenendo wa miji chenye kudai, pamoja na mengine, kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huudhoofisha mji. Dai hilo lilibishwa vikali huko huko Marekani. Mchezaji hakuambiwa habari ya ubishi huo. Alipewa kanuni tu, akajifunza kuzitii.

Mfano mmoja unatosha. SimCity hutenga makaazi, biashara na viwanda, kila kimoja na eneo lake. Nyumba ya Mji Mkongwe, duka chini, makaazi juu, baraza mbele, haijengeki humo. Si kwamba imekatazwa, haikufikiriwa kabisa. Mtoto wa Malindi au Shangani anayeujenga mji wake kwa saa mia anafunzwa, bila ya neno moja kusemwa, kwamba mtaa aliozaliwa si namna ya mji. Hilo ni fumbo la kisiasa lililo gumu kuliko mengi yaliyotungwa kwa vina, na wafumbuzi wake wa kwanza walitoka katika safu za mashabiki. Mwaka 2010 ulijulikana mji uitwao Magnasanti, uliojengwa ndani ya SimCity 3000 na mwanafunzi wa usanifu majengo wa Ufilipino kwa kazi ya miaka kadhaa: watu milioni 6, hakuna barabara, polisi kila kona, na wakaazi wanaokufa kabla ya uzee. Alizifuata kanuni za mchezo mpaka ukingoni ili aoneshe ziendako. Malenga wa kale aliyemsifu mtawala kupita kiasi hadi sifa ikageuka kejeli angemtambua mwanafunzi huyo kuwa ni mwenzake.

Yako pia matumizi ya upole zaidi. Kuanzia mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makaazi, lenye makao yake Nairobi, limeutumia mchezo wa Minecraft kuwakutanisha wakaazi wa mitaa waoneshe kwa matofali ya kompyuta namna wanavyotaka viwanja vyao viwe, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Inajuzu kuuliza ni matofali mangapi ya skrini yaliyogeuka kuwa mawe. Ila kwa kuuliza hivyo ni lazima kwanza mtu awe ameujua mchezo.

Na sasa lugha. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021, husomwa mashairi ya kukisifu Kiswahili na kutajwa upana wake. BAKIZA na BAKITA wana kazi yao na wanaifanya. Lakini vijana wa pwani wanaopenda michezo hii, wakikutana kuzungumza walichokiona, hubadili lugha katikati ya sentensi pale pale utamu unapoanza. Kiswahili huwafikisha mlangoni, Kiingereza huingia ndani. Lawama hutupwa kwao. Hakuna anayeuliza ni nani aliyewanyima maneno.

Maana mwambao haukuwa bahili wa maneno ulipokuwa ukiuheshimu mchezo. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limewekewa jina kwa kila jambo: namu ni kete zilizo mkononi, 22 kwa kila mchezaji mwanzoni, kichwa na kimbi ni mashimo ya pembeni, nyumba ni shimo lenye heshima yake, nalo huweza kusafiri, kuna mtaji, kuna kutakata, na kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Muyaka hakuona aibu kulitungia bao shairi. Maneno hayo hayakutoka katika kamati. Yalitoka kwa watu wazima walioketi, wakacheza, wakabishana, na kwa washairi waliokuwa wamekaa nao mkeka mmoja.

Yaliyohitajika kwa Sokoban ni machache kuliko hayo. Ghala lipo, sanduku lipo, kusukuma kupo. Lililobaki ni lile sanduku lililofikishwa pembeni, lisiloweza tena kusukumwa wala kuvutwa, linalomfanya mchezaji aachie pumzi na kuanza upya. Mashabiki wa kila nchi wana neno lake. Kwa Kiswahili, lugha ya aliyelala na aliyetakata, sanduku hilo bado halina jina.