Hamira ina kitu ambacho sisi hatuna

Leo naweka programu kando kidogo, maana shemeji yangu hapa Machakos amenitumia tangazo la taa ya mwanga mwekundu, akiuliza kama itamfaa binti yake mwenye ualbino. Shilingi 18,000! Tangazo linasema utafiti wa seli umethibitisha kuwa mwanga hurekebisha DNA. Ukisoma yale maandishi madogo chini, seli zenyewe ni za hamira.

Kuhusu hamira, kuna ukweli. Mionzi ya urujuanimno hugandisha pamoja herufi mbili jirani za DNA, seli ikashindwa kuisoma vizuri. Mwaka 1949 huko Marekani, Albert Kelner aligundua kuwa bakteria waliopigwa na mionzi hiyo hupona wengi zaidi wakiwekwa kwenye mwanga wa kawaida. Kufikia 1960 Claud Rupert alikuwa amekipata katika hamira ya mkate kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, fotolaiasi. Kinadaka mwanga, kinatumia nguvu yake kuachanisha zile herufi, basi. Natamani msimbo wangu ungekuwa mfupi hivyo.

Lakini fotolaiasi hutumia mwanga wa buluu na urujuanimno ulio karibu nao. Taa ya shemeji ni nyekundu. Hata hamira isingenufaika nayo kwa kazi hii!

Kubwa zaidi, binadamu hatuna fotolaiasi. Kangaruu anayo. Ukoo wetu, pamoja na ng'ombe na panya, uliipoteza zamani sana. Kutuuzia taa kwa ushahidi wa hamira ni sawa na kubonyeza kitufe ambacho msimbo wake ulishafutwa. Utabonyeza mpaka uchoke.

Sisi tunatumia njia nyingine: seli hukata kipande kilichoharibika na kukijaza upya. Kuichunguza njia hiyo kulimpa Aziz Sancar sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Haihitaji taa, hufanyika hata gizani, na mtoto mwenye ualbino anayo kama wewe na mimi. Kinachompungukia ni melanini, yaani kivuli cha ngozi. Na jua la Machakos, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu mwa ikweta, si la mchezo.

Kwa hiyo nimemwambia shemeji: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua. Mwaka 2011 serikali ilianza mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni hiyo bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama tuna kelele za kupiga, tuzipige hapo, isikosekane hata mwezi mmoja.

Amenijibu jana usiku. Eti muuzaji amempunguzia hadi 15,000. Bado tunabishana.