Barua Iliyokuwa Chini ya Godoro

Barua ya kupunguzwa kazini ilikaa chini ya godoro langu siku 41. Nilikuwa na miaka 53, na miaka 24 nilikuwa nimeimalizia katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Nilibakiza miaka miwili tu nifikishe 55, umri ambao sheria inamruhusu mtu kustaafu kwa hiari. Kila alfajiri niliendelea kuvaa ovaroli, nikapokea hotpoti yangu ya wali mlangoni, nikapanda daladala. Wali ule niliulia kwenye bustani za Mnazi Mmoja, nikingoja saa kumi ifike nirudi nyumbani na uchovu wa uongo.

Siku ya 41 mama watoto alitoa godoro uani lipigwe jua, barua ikadondoka. Niliporudi jioni nilimkuta ameikalia mkekani. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Baba Neema, hii umeipeleka wapi?"

Sikuwa nimeipeleka popote. Na kumbe palikuwa na pa kuipeleka. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA. Zikipita, anabaki kuomba aongezewe muda, na lazima aeleze kwa nini alichelewa. Ningeeleza nini mimi? Kwamba niliona aibu? Siku zangu 30 ziliishia kwenye benchi.

Ndugu zangu wafanyakazi, majirani, viongozi wa dini na wa mitaa, nawaandikia kwa sababu ya siku hizo 30. Sisi ni watu wa kufika msibani. Mtu akifiwa usiku, kabla hakujakucha maturubai yameshafungwa, daftari la rambirambi liko mezani, na kina mama wameshabandika sufuria. Hakuna anayengoja kualikwa. Lakini mwenzetu akipunguzwa kazini, tunapita nje ya nyumba yake kwa kunyata. Tunasema, "Tusimsumbue, ana mawazo." Naye ndani anasikia nyayo zetu zikipita, anaamini kwamba tumemtenga.

Tufike. Wiki ileile, nyumbani kwake, watu watatu au wanne wa idara yake au wa jumuiya yake, pamoja na mmoja anayejua kusoma barua za ofisi. Tumuulize lile swali la mke wangu. Tuangalie tarehe. Tumsaidie kutafuta mkataba, hati za mshahara na nakala za barua zote, kisha mmoja wetu ampeleke CMA. Mtu wa miaka 53 aliyeachishwa juzi hana nguvu ya kupanga foleni peke yake. Nawaambia haya nikiwa nimeyapitia.

Maana hata upunguzaji una taratibu zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema ya nia yake ya kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu nani ataondoka na kwa kigezo gani. Sisi tuliitwa kantini Ijumaa mchana, tukagawiwa bahasha.

Kuna jambo lingine, na hili linanichoma zaidi. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria hiyo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini hesabu inakomea mwaka wa kumi. Hizo ni siku 70. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70, na mimi wa miaka 24 nikapata hizohizo 70. Miaka 14 ya kusimama mbele ya mashine haikuhesabiwa. Mifuko ya hifadhi ya jamii ina fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Ni msaada wa kweli na kila anayestahili akaudai. Ila mwenye miaka 53 akishalipwa hiyo miezi sita, bado ana miezi 18 mbele yake kabla ya 55, kijana yuko chuo, nyumba imeishia kwenye lenta, na kila kiwanda anachobisha hodi wanamwambia wanataka vijana.

Kwa hiyo vyama vya wafanyakazi visiishie kutugawia fulana za Mei Mosi. Ukomo huo wa miaka kumi unampunja nani kama si mzee aliyekaa mahali pamoja maisha yake yote? Tuuseme kwenye mikutano ya matawi, tuwaandikie wabunge wetu, tudai uondolewe. Sauti ya mtu aliyekwisha kuachishwa haiendi mbali. Wa kulisema hili ni ninyi mlioko kazini leo.

Na mlioko kazini, ombeni taarifa za michango yenu mwezi huu, idara nzima kwa pamoja, mzilinganishe na hati za mshahara. Pensheni ya uzee inahitaji angalau miezi 180 ya michango. Mwenzangu mmoja tuliyepewa bahasha siku moja alikwenda NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, akiwa na uhakika wake wote, akakuta 171. Makato yalionekana kwenye kila hati yake ya mshahara, lakini miezi tisa haikufika kwenye Mfuko. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri michango hiyo pamoja na tozo ya kuchelewesha, lakini nani atajua kama mwanachama mwenyewe haulizi? Alikuwa amezitupa hati nyingi. Nilimwona akihesabu tena kwa vidole pale kaunta, mara mbili, kana kwamba vidole vingeongezeka.

Kina mama wa vikoba, mwenzenu ambaye mumewe ameachishwa, au aliyeachishwa yeye, mpeni nafasi ya kupumua katika marejesho kabla hajaanza kuwakwepa. Na ninyi wake na waume, mkiona mwenzenu amekuwa kimya na hasemi habari za kazini, ulizeni kwa upole, lakini ulizeni.

Kama barua ya namna hiyo iko nyumbani kwenu sasa, itoeni usiku huu muitazame tarehe. Kufungua mgogoro CMA hakuna ada.