Nani Kitanda? Sajili ya Malazi Iliyosahauliwa

Kila mwanafunzi aliyesoma isimujamii katika shule ya upili nchini Kenya anaifahamu sajili ya hotelini. Mhudumu huuliza, "Nani chapati?" na mteja hujibu bila haya kwamba chapati ni yeye. Mfano huo umerudiwa darasani hadi umechakaa. Jambo ambalo aghalabu halitajwi ni kwamba mazungumzo hayo yote yanahusu kula. Msafiri wa sajili hiyo hushiba, lakini halali popote. Makala haya yanashikilia kwamba lugha ya kuomba malazi ni sehemu hai ya Kiswahili, ina historia na kanuni zake, na kuipuuza kuna gharama.

Mfano mzuri ni safari ya kutoka Isiolo kwenda pwani kwa njia ya mashariki. Msafiri hupitia Kulamawe na Modogashe, akateremka hadi Garissa, akavuka mto Tana na kupitia Bura na Hola hadi Garsen. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Malindi, nyingine hupitia Witu hadi Mokowe, panapopandwa mashua ya kwenda Lamu. Gari likiharibika magharibi karibu na Kulamawe, chumba kilicholipiwa Garissa kwa simu hakimfai mtu kitu. Mafuriko ya Tana ya mwishoni mwa mwaka 2023, na tena ya mwaka 2024, yalikata barabara za eneo la Garissa na kuwakwamisha hata wale waliokuwa na mipango thabiti.

Kulamawe ni kituo kidogo katika nchi ya Waborana, lakini jina lake lasikika kuwa la Kiswahili, tena la kumtia mgeni hofu ya njaa. Hofu hiyo haina msingi, maadamu mgeni anajua kuuliza. Nchini Kenya hoteli, katika matumizi ya kila siku, ni mahali pa chai na wali. Hata hivyo, ni katika hoteli hiyo ndipo malazi hutafutwa. Mgeni huketi, huagiza chai, husalimu, hueleza atokako na aendako, na huwaachia wenyeji nafasi ya kumtambua. Swali huja mwisho, tena kwa kuzunguka. Hasemi, "Nataka chumba." Husema, "Jua limenichwea hapa; wageni hulala wapi?" Kauli ya kwanza ni ya mnunuzi. Ya pili inamkabidhi mwenyeji heshima ya kujibu.

Utaratibu huu si mgeni katika upwa wa Afrika Mashariki. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi vijana walivyoiendea merikebu kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alishukia kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji akamsimamia katika kuuza na kununua. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake, na pande zote mbili ziliifahamu. Katika nyumba za mawe za Lamu, ujenzi wenyewe ulimtarajia asiyetarajiwa: daka la kumketisha anayepiga hodi, na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makao ya ndani ya jamaa. Wahenga nao waliweka mpaka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Leo msamiati wa malazi umeingia doa. Maneno "lojing'i" nchini Kenya na "gesti" nchini Tanzania yanabeba tetesi za uasherati, kiasi kwamba mtu wa heshima huona haya kuyatamka mbele ya wakwe. Mwanamke asafiriye peke yake huonja uchungu huo maradufu, kwani swali lake la pa kulala hufasiriwa kabla halijajibiwa. Upungufu wa maneno safi unamnyima usalama.

Wapo watakaosema kwamba zama za hodi zimepita. Hoja yao ina uzito. Baada ya shambulizi la Mpeketoni la Juni 2014, na lile la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, hakuna awezaye kumlaumu mwenyeji anayesita kumfungulia asiyemjua. Lakini hapo ndipo lugha inapohitajika zaidi. Mgeni ajuaye kujitambulisha, kutaja mwenyeji wake na kukubali kupelekwa kwa chifu au polisi bila kinyongo, huiondoa shaka kwa ulimi wake. Asiyejua huiongeza kwa kunyamaza au kwa kudai.

Fauka ya hayo, mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Modogashe na Wajir, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wake mwaka 2020, unakusudia kuileta lami mlangoni mwa vituo kama Kulamawe. Magari yaendayo kasi hayatulii kunywa chai. Mazungumzo haya ya hotelini yanaweza kutoweka kabla hayajanaswa na mtafiti hata mmoja.

Wajibu uko wazi. Walimu wa isimujamii waipanue sajili ya hotelini ivuke sahani na kufika kitandani. Wanafunzi wa uzamili watafutao mada za tasnifu wazirekodi hodi, salamu na maombi ya malazi kutoka Isiolo hadi Lamu, wakiangalia jinsi Kiborana, Kisomali, Kipokomo na Kiamu vinavyokutana katika Kiswahili cha mgeni. Watunzi wa kamusi nao walirejeshe neno "sabule" mahali pake, ili anayetafuta pa kulala awe na jina la heshima la kukitajia chumba anachokiomba.