Tope la Matangi Yetu Huishia Wapi?

Atafutaye nyumba ya kupanga Nyeri, Karatina au Nanyuki hukutana na tangazo lile lile: vyumba viwili, maji, stima, choo ndani. Kwa mtu ashughulikaye na lugha, maneno hayo mawili ya mwisho yana mengi. Humwarifu mpangaji mahali uchafu wake unapoanzia safari, wala hayatamki lolote kuhusu mahali unapoishia.

Mabomba ya majitaka ya miji hii hayafiki kila mtaa. Viungani, ambako majumba ya ghorofa yanachipuka penye mashamba ya jana, kila mwenye ploti hujitegemea kwa choo cha shimo au kwa tangi la chini ya ardhi, lile ambalo mafundi huliita "septiki". Jina hilo alilieneza mhandisi Donald Cameron wa Exeter, Uingereza, mnamo 1895, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kuozesha. Na hilo ndilo tangi linalofanya: huozesha, halisafishi. Vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea, na bakteria wasiohitaji hewa hulila tope hilo kidogo kidogo. Maji yanayotoka upande wa pili yangali na vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Usafishaji wenyewe hufanywa na udongo, maji hayo yakichujika polepole kutoka katika shimo la kufyonzea.

Hapa ndipo mkazi wa Nyeri anapobahatika kuliko ndugu yake wa Nanyuki. Udongo mwekundu wa volkano miteremkoni ni wa kina kirefu na hupitisha maji vyema. Ukielekea nyanda za Laikipia, sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hujifunga usipitishe kitu, na majitaka huibuka juu. Lakini bahati ya Nyeri nayo ina mpaka. Tangi lililochimbwa kwa ajili ya familia moja katika ploti ya futi 50 kwa 100 haliwezi kuhudumia familia kumi na mbili eti kwa kuwa mwenyewe ameongeza ghorofa tatu.

Hata tangi lililojengwa sawasawa hujaa tope, na aghalabu huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Lori huja, hulipwa, huondoka. Ni wapangaji wangapi wamewahi kuuliza liendako? Likimwaga kwenye mtambo wa kusafishia majitaka, vyema. Likimwaga usiku kandokando ya mto, basi tumelipia kuhamisha tu. Chania na Ragati huteremka hadi Tana, na maji ya Tana hunywewa Garissa. Mto Nanyuki huingia Ewaso Nyiro, wanakonyweshea mifugo wafugaji wa Isiolo na Samburu.

Sheria si haba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi, na Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kinachokosekana ni daftari. Tangi hukaguliwa likiwa mchoro. Likishafukiwa, aghalabu halitazamwi tena. Kaunti ingeyaorodhesha matangi, ikapanga zamu ya kuyanyonya, ikatoza ada ndogo pamoja na bili ya maji, na ikamdai kila mwenye lori stakabadhi ya mtambo alikomwaga. Wenye nyumba watalalamika. Na walalamike, kodi wanaipokea kila mwezi. Tope lenyewe lina thamani: huko Naivasha shirika la Sanivation limewahi kugeuza kinyesi kuwa makaa, na viwanda vya majani chai vya eneo letu huteketeza kuni nyingi mno.

Walimu wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, na tena serikali ilipotaka kuanzia 2018 kila mtahiniwa wa darasa la nane aingie sekondari, madarasa yalifurika na katika shule nyingi vyoo vikabaki vilevile. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia nane ni mji mdogo. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa mhasibu wa shule wakaulize: tangi letu lilinyonywa lini mara ya mwisho, na stakabadhi iko wapi?