Waya Mwekundu Uko Tundu Gani?

Wananchi wenzangu wa Kitui na Makueni, ile mita ndogo ya manjano ya kupimia stima, hebu itoe kwenye droo uiweke mezani tuitazame pamoja.

Ina matundu matatu. La COM ni la waya mweusi, nao hauhami. Waya mwekundu ndio unaohama: tundu moja ni la volti, jingine limeandikwa 10A, la kupimia mkondo. Je, wako uko wapi sasa hivi?

Volti tunapima kwa kugusisha ncha mbili za mita kwenye pande mbili za chanzo. Ampea ni tofauti. Njia hukatwa, mita ikaingizwa katikati, na mkondo wote ukapita ndani yake. Ndiyo maana tundu la 10A halizuii kitu. Ni kama kipande cha waya mtupu. Ukiusahau waya mwekundu humo, kisha ukachomeka ncha kwenye soketi ya volti 240, umeunganisha laivu na nyutro kwa mkono wako mwenyewe. Cheche hutoka palepale, na mita inaweza kukupasukia usoni. Nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

Basi tuzoee hivi, sote: ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita chini.

Tena, nyingi za mita hizo hupima ampea za betri na sola tu, si za stima ya nyumbani. Je, mama, ungependa kujua birika lako linavuta kiasi gani? Ligeuze usome kibandiko. Likiwa la wati 2000, gawanya kwa 240: ampea 8 na kidogo. Hujagusa waya wowote.

Na wewe mwenye kisiagi? Mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu huvuta kama ampea 15, mzigo usiofaa kupitishwa kwenye tundu la 10A. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aje na mita ya kubana. Taya zake huzunguka waya mmoja kwa nje, bila kukata chochote. Soketi za nyumbani zikihitaji kupimwa ampea, mwachie yeye pia.

Wanakamati wa visima vya sola, nawaomba jambo moja. Paneli zilizounganishwa mfululizo hufikisha mamia ya volti, na jua la Mutomo au Kibwezi halizimwi. Mkichomoa waya pampu ikiendelea kuvuta maji, cheche yake huendelea kuwaka, haikatiki upesi kama ya stima ya nyumbani. Zimeni swichi kwanza.

Kijana wako anatamani kujifunza? Vizuri sana, tusimzuie. Aanze na taa ya sola ya volti 12, mita ikiwa katikati ya betri na taa. Mkae naye, mhakikishe hagusishi ncha zote mbili kwenye betri yenyewe akiwa kwenye ampea. Apime kwa sekunde chache, kisha aipumzishe mita.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, fungueni droo mwangalie pamoja waya mwekundu umechomekwa wapi.